Koti Lisilo na Mgongo

Geita, karibu na lango la mgodi,
Jimbo la Ziwa.
Jumapili, 9 Septemba 1956.

Mpendwa mpwa wangu Ignas,

Mimi mjomba wako Pantaleo nina miaka sitini na minane, na kama padri aliyeniandikia cheti cha ubatizo alikosea, basi alikosea kwa kupunguza. Ndui ilinipita. Sotoka ilimaliza ng'ombe wa baba yangu, ikaniachia fimbo ya kuchungia. Wajerumani niliwaona wakiingia na niliwaona wakikimbia. Nimepita vita viwili, nzige wasio na idadi, wake wawili, kamera mbili, na daktari mmoja aliyenikataza ugoro. Yeye kafa, ugoro ninao. Nakuambia haya mwanzoni ili ujue kwamba ile barua yako ya hasira haikumkuta mtoto.

Shikamoo yako niliiona. Marahaba. Ilikuwa ya mstari mmoja, na chini yake ukaanza kunirushia mawe, lakini shikamoo ni shikamoo, nimeipokea.

Je, hamjambo nyote hapo Tanga? Mguu wako uliochomwa na mwiba wa mkonge umekauka? Paskalia bado anakohoa upepo ukivuma? Mwambie atafune tangawizi, asikae kungojea chupa ya hospitali. Huku sisi tu wazima. Mke wangu Mbuke ana jino linalomuuma, ila halimzuii kusema. Dada yako Justa sasa anatembea bila fimbo. Tangu binti yako Euphrasia alipokuja kumwuguza mwaka jana, kila anayemsalimia huambiwa kwamba mkono wa mtoto yule ni dawa. Mvua bado hatujaiona. Vumbi la malori linaingia mpaka ndani ya mboga.

Uzi wa katani ulionitumia ulifika salama. Wabeja sana, ng'wanone, asante mwanangu. Uzi ule ndio ulioshona kitabu changu cha tatu, na naona kitabu hicho ndicho kilichotutia vitani mimi na wewe.

Basi nianze na kitabu, maana umekitukana kabla ya kukisoma.

Wewe unajua mimi sikukaa darasani. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa katekisimu na kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi, na ndiyo maana habari nyingi za dunia nazijua mpaka katikati tu, mwisho wake ulibaki dukani. Lakini leo kutoka Isaka mpaka Ushirombo, nitajie mtu mwingine mwenye vitabu vitatu vyenye jina lake juu. Huna. Maneno hupigwa chapa Mwanza, kwa Mhindi mmoja mwenye mashine ya mkono. Picha nazitoa mwenyewe katika chumba cha giza nyuma ya jiko la Mbuke, nazibandika moja moja kwa gundi ya unga wa muhogo. Majalada nayakata kwenye mifuko ya saruji, kisha nakaa nashona kama mwanamke anayeshona mkeka. Hakuna aliyenituma wala aliyenipa ruhusa.

Mwalimu mmoja wa hapa aliniambia sentensi zangu zinatoka kama ng'ombe wanaotoka zizini, zinasukumana. Nikamwambia, mwalimu, mradi wanatoka wote.

Jumapili baada ya misa watu hujaa barazani kwangu. Mimi nafungua kitabu, naweka kidole, nasoma. Kila ukurasa una mtu mmoja, jina lake, kwao, na neno moja alilolisema kwa mdomo wake. Mtu mzima mwenye ndevu anakuja tena na tena, anasema, "Mzee Pantaleo, hebu soma tena pale pangu." Nasoma. Anatazama wenzake. Anaondoka amenyooka. Kitabu chenyewe kinaitwa "Mabwana wa Mgodini", na jina hilo sikulibahatisha.

Sasa niliposikia mlio wa gari la posta na kuona mwandiko wako, nilisema moyoni, Ignas anashukuru. Kumbe! Nakurudishia maneno yako uyaone yalivyo ukiyasoma ukiwa umeshiba: "Mjomba, hawa mabwana wako wa mgodini ni ndugu wa tumbo moja, au mgodi mzima una koti moja? Onesmo alituletea picha amevaa koti la sufu, nikasema hapa kuna mtu. Sasa naliona koti lilelile juu ya mpishi, juu ya mlinzi, juu ya kinyozi. Manyapara wenzangu wananicheka, wanasema Ignas anaoza binti kwa koti la kupokezana. Mwongo simpi mtoto."

Umeandika vizuri, sikatai. Hiyo akili ya kuandika umeitoa upande wetu. Lakini umeandika upuuzi.

Koti ni langu. Si la Onesmo, si la mpishi, si la kinyozi. Ni koti la kamera, kama vile ile kaniki nyeusi ninayojifunika kichwa ni ya kamera, na kile kiti cha msonobari ni cha kamera. Mbona hukuuliza kwa nini mabwana wote wamekalia kiti kimoja?

Nikueleze lilivyokuja, maana ulikuwa umeshahamia Tanga. Mtu wa kwanza niliyempiga picha hapa alitoka shimoni vilevile alivyo, na tope lake, na kofia ya chuma, na taa kichwani. Picha ilitoka safi mno, kila chembe ya tope inaonekana. Akaituma kwao Buha. Mama yake kuiona tu, akajua mwanawe yuko kifungoni. Nyumba ikajaa watu wa kumpa pole. Baba akauza mbuzi wa kulipia faini, na mjomba mtu akasafiri mpaka hapa Geita akiuliza kila mtu barabarani, "Jela iko wapi?" Alipomwona mpwa wake anakunywa uji sokoni, akamchapa kofi kwa kuwa huru.

Siku hiyo nikasema, basi. Mtu akija mbele ya kamera ya Pantaleo, mama yake hatalia. Yule Mgoa aliyenifundisha kazi, niliyembebea miguu ya kamera tangu mwaka ule reli ilipopita Isaka kwenda Mwanza, alikuwa ameniachia koti lake la sufu nyeusi lenye mistari myembamba ya kijivu. Nikalitundika. Kila ajaye analivaa. Huo si uongo, Ignas. Bibi arusi akipakwa mafuta na kuvikwa shanga za shangazi yake, nani anasimama kanisani kupiga kelele kwamba shanga si zake?

Na wewe una mdomo mrefu wa kusema, wewe? Siku ulipomwoa Paskalia pale Ushirombo, miguuni ulivaa viatu vya nani? Vyangu! Vilikuwa vikubwa, tukavijaza maganda ya mahindi, na ulipopiga magoti ganda moja likatokeza kisiginoni, katekista akalisukuma ndani kwa kidole. Paskalia alikuwa kando yako. Hakukuita mwongo. Mpaka leo anakupikia.

Haya, tuendelee na koti. Yule Mgoa alikuwa mwembamba kama mwiko. Wembamba wenzake lilikuwa likiwakaa. Kisha akaja Bujiku, mpishi wa kambi, unamwona ukurasa wa tano, mtu mwenye kifua kama ghala. Nikamwambia usipumue. Akakaa hapumui, mimi nikachelewa kidogo kutengeneza kioo, akapumua. Koti likapasuka kutoka shingoni mpaka chini, mlio wake ukamwamsha mbwa.

Nikalipeleka kwa Mihayo, fundi cherehani wa sokoni. Akalishika, akasikitika.

"Mzee, nilishone?"

"Usilishone. Likate."

"Nilikate wapi?"

"Mgongo wote. Toa."

"Mzee Pantaleo, koti lisilo na mgongo ni koti gani?"

"Ni koti la watu wote. Kata, usinipotezee jua."

Akakata. Tukatia kamba nne nyuma, zinafungwa kama mbeleko. Mwembamba unakaza, mnene unalegeza. Mbele ni bwana shauri mwenyewe, nyuma ni shati lako na mambo yako. Akili hiyo ni yangu, na mpigapicha mmoja wa Bugarama ameshaiiga, nimesikia, lakini lake limekatwa vibaya mabega yanaanguka.

Sasa niambie wewe mwenye akili: mtu anawezaje kuliiba koti hilo, au kujidai ni lake? Atatembea nalo wapi? Atarudi nyumbani kinyumenyume?

Najua utasema, haya ni maneno ya mjomba, mjomba hupenda kusema. Sitaki uniamini. Simama ulipo, nenda kwenye sanduku lako, toa kitabu changu cha kwanza nilichokutumia ile Krismasi. Jalada ni mfuko wa saruji kama mengine, ila pale ninaposhona nimezungushia utepe wa kitambaa. Tazama kitambaa. Sufu nyeusi, mistari myembamba ya kijivu. Chukua na picha ya Onesmo, ziweke pamoja dirishani. Umeona? Mgongo wa koti hilo umekaa nyumbani kwako miaka yote hii, umeshika kitabu, na wewe unaniuliza koti ni la nani.

Na ukiwa hapo hapo dirishani, geuza picha ya Onesmo. Kijana aliandika nyuma yake kwa penseli, nilimwona mwenyewe akiandika akilamba ncha: "Nimevaa hivi kwa heshima yenu." Hakuandika nimevaa changu. Ulitazama mbele tu, Ignas. Hilo ndilo kosa lako.

Sasa jambo lenyewe, maana haya mengine ni kuku wanaokimbia uani.

Padri wa Ushirombo, parokia ya kwao Onesmo, anataka kuanza kutangaza ndoa Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Karatasi zote anazo isipokuwa yako, neno la baba wa binti. Bila hilo hatangazi. Onesmo ana likizo mwezi huo mmoja tu, baada ya hapo anarudi chini kupanga magogo ya kuzuia dari lisiwaangukie wenzake, mpaka mwaka kesho. Na baba yake, mzee Herman, ameshaanza kutaja binti wa jirani yake. Hataji kwa ubaya. Ni mzee mwenye haraka, anataka kuona mjukuu kabla macho hayajafunga. Ukinyamaza mpaka Oktoba ipite, mambo yamekwisha, na Euphrasia atakuwa amepoteza mtu aliyemchagua mwenyewe, kwa ajili ya koti langu. Mimi sitaki koti langu liingie kaburini na maneno hayo.

Jumapili iliyopita Onesmo alikuja baada ya misa. Nilimsomea barua yako yote. Hata pale pa mwongo sikuruka. Justa alikuwa mlangoni anabangua karanga. Kijana alitia mikono katikati ya magoti, nikadhani atalia au atatukana. Kisha akainuka.

"Babu, lile koti liko wapi?"

"Lilipo siku zote."

"Naomba univalishe. Kisha nitazame kwa nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Nipige picha ya mgongo."

Ignas, nilikasirika. Nikamwambia: mimi nimewapiga picha watemi na wake zao, nimempiga padri, nimepiga fahali aliyeshinda mashindano, naye alitulia kuliko wewe. Sijapiga mgongo wa mtu na sitapiga. Mgongo hauna macho wala pua. Nani atamjua mwenyewe?

"Euphrasia atanijua," akasema.

"Na baba yake?"

"Baba yake anataka kuona uongo wangu uko wapi. Aone."

Justa akacheka. "Mjomba, piga tu. Usipopiga wewe nitapiga mimi."

"Wewe hujui hata upande wa kutazamia."

"Ndiyo maana nasema piga wewe, mayu we!"

Kwa hiyo nilipiga, ili wasiiharibu kamera yangu. Kijana alisimama kwenye ukuta mweupe, akatupa mgongo. Koti likaachama kulia na kushoto, zile kamba nne zimekazwa katikati, na ndani yake shati lake la kaki, na katikati ya shati kiraka. Nilimwambia nikifunike kwa kamba. Akasema, "Kiache, babu. Hicho ndicho hasa." Nilipoingia chini ya kaniki nikaona kitu ambacho tangu nianze kazi sikukiona: mtu amesimama wima bila kujua uso wake uko sawa au la, hajali. Nilipokuja kuitoa ile karatasi kwenye dawa, Justa akaitazama, akaacha kucheka.

Nimeitia ndani ya barua hii, katikati ya makaratasi mawili magumu. Usiikunje. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ninasema kwa sababu ni kweli. Wiki hii wameshakuja wanaume wengine wanataka nao wapigwe mgongo. Kitabu cha nne kitakuwa hicho: kushoto mbele, kulia nyuma, mtu yuleyule. Wala usije ukasema akili ilikuwa ya Onesmo. Kamera ilikuwa ya nani?

Koti silitupi. Mama wa mtu wa Buha ataendelea kuona mwanawe amependeza. Manyapara wenzako wakicheka tena, waambie mjomba wako anawakaribisha Geita, na koti litawatosha wote, hata mwenye tumbo.

Nitakuwa nimejibu yote. Sasa andika kwa padri, maneno machache tu, usiweke mafumbo: "Mimi baba yake, nimekubali." Iweke posta mapema, maana treni haimngojei mwenye kununa. Na nitumie uzi mwingine wa katani, mwembamba kuliko ule, vitabu vya kurasa mbili mbili vinataka uzi mwembamba.

Nisalimie Paskalia, umwambie wifi yake Justa anamkumbuka na anataka ile kanga aliyoahidiwa. Nisalimie watoto kwa majina yao, na yule mdogo mwambie babu atampiga picha akiota meno. Mbuke anawasalimu, jino na yeye. Mzee Herman anakusalimu kama mkwe mwenzake, ameshakuita hivyo hata kabla hujakubali, usimwaibishe.

Mungu akuweke, akupe mvua kwa kiasi na mkonge usiochoma, na moyo wa kutazama vitu pande zote.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata ukininunia,

Pantaleo, mpigapicha na mwenye vitabu.

Haya niliyoandika wapo wa kuyashuhudia, usiseme mzee amepanga. Kukatwa kwa koti, muulize Mihayo, mkasi ulikuwa wake. Kupasuka kwake, muulize Bujiku, mpaka leo ananionea aibu. Viatu vya arusi, shahidi umelala naye kitanda kimoja. Na kiraka kile kilicho mgongoni mwa Onesmo, kilishonwa mchana, mlango wazi, mbele ya Justa mgonjwa aliyekuwa macho, siku shati lilipochanika kwenye gogo na kijana hana mtu wa kumshonea. Mpe Euphrasia picha aishike mwenyewe. Usimwambie ni nani. Yeye ataijua sindano yake.